Noonkopir Ilienda Wapi? Historia ya Mtaa Wetu Kabla ya Ploti za 50 kwa 100

Simama steji ya Kitengela jioni, uliza watu kumi wanaoshuka kwenye matatu za 110: "Noonkopir ni wapi?" Wengi watakuonyesha shule. Wengine watakuambia ni mtaa fulani huko ndani. Mmoja au wawili, hasa wazee, watacheka na kukuambia ukweli: umesimama ndani yake.

Noonkopir ndiyo hii. Kabla ya maduka makubwa, kabla ya magorofa, kabla ya foleni ya nduthi, hapa palikuwa na kituo kidogo cha biashara kando ya barabara ya Namanga, na kituo hicho kiliitwa Noonkopir. Kitengela lilikuwa jina la eneo pana la malisho. Leo jina la malisho limemeza jina la mji, na malisho yenyewe yamemezwa na mji. Ukilitafakari hilo kwa dakika mbili, utaona historia yetu yote iko hapo ndani.

Naandika haya juu nimechoka na hadithi mbili tunazosimuliana. Ya kwanza ni ya sisi watoto wa waliokuja: ati hapa palikuwa porini tu, hakuna mtu, wazazi wetu ndio walijenga. Ya pili ni ya wale wanaojiita wenyeji: ati wageni walikuja wakanyakua ardhi. Zote mbili zinatamkika vizuri kwenye mkutano wa siasa, na zote mbili zinaruka sehemu ya katikati, ile inayoeleza kwa nini leo mtaani kwako hakuna uwanja wa mpira na mvua ikinyesha unaenda kazini na gambuti.

Tuanze na majina

Kwa Kimaasai, unyoya wa ndege ni enkopiro, na manyoya ni inkopir. Jina Noonkopir limebeba neno hilo. Hebu fikiria: mji unaojulikana leo kwa vumbi, saruji na nyama choma uliitwa kwa manyoya.

Na si jina hilo peke yake. Wamaasai wa upande huu ni Ilkaputiei. Wazungu walipofika wakashindwa kulitamka, wakaandika "Kapiti" kwenye ramani zao, na ndiyo maana hadi leo vitabu vinataja nyanda za Athi-Kapiti. Mto unaopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi upande wa kusini ni Empakasi. Jina hilo hilo ndilo lililozaa Mbagathi na Embakasi. Kwa hiyo ukipanda gari Embakasi ukashuka Kitengela, umesafiri kutoka jina la Kimaasai hadi jina lingine la Kimaasai bila kutambua. Hata Nairobi yenyewe ni maji baridi ya Wamaasai.

Kama una hatimiliki nyumbani, itoe uiangalie. Iko hapo: Kajiado, kisha Kitengela au Kaputiei North, kisha namba. Serikali ilihifadhi kumbukumbu ya nani alikuwa hapa, ikaiandika juu ya karatasi unayoificha kabatini.

Hapakuwa porini tu

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwatia saini viongozi wa Wamaasai kwenye mkataba uliowaondoa kwenye malisho mazuri ya Bonde la Ufa na kuwagawa katika maeneo mawili: moja kaskazini huko Laikipia, lingine kusini. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 walowezi walikuwa wanaitaka Laikipia pia, kukawa na mkataba mwingine, na watu wakasukumwa kusini na mifugo yao. Mwaka 1913 Wamaasai walienda kortini, kesi maarufu ya Ole Njogo. Korti ikasema mikataba hiyo ni kama ya nchi mbili, kwa hivyo yeye jaji hawezi kuiamua. Yaani ulikuwa taifa huru siku ya kudai haki, na mtawaliwa siku zingine zote.

Eneo letu lilibaki ndani ya hifadhi hiyo ya kusini. Ng'ambo, upande wa Machakos, kulikuwa na mashamba makubwa ya walowezi. Desemba 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi ikatangazwa, na malisho mengine yakaenda. Mbuga ikawekewa ua upande wa jiji, lakini kusini ikaachwa wazi mtoni, kwa sababu wanyama walihitaji kutoka. Wakati wa mvua nyumbu na pundamilia walivuka Empakasi kuja kula nyasi fupi za huku. Kiangazi walirudi mbugani kwenye maji. Ng'ombe wa Kaputiei nao walikuwa na mwendo wao, kulingana na mvua.

Kwa hiyo mtu akikuambia palikuwa tupu, mwambie ardhi ya malisho inaonekana tupu kwa mtu aliyepita siku ambayo ng'ombe wako upande mwingine. Nyasi ulizoziona zimesimama hazikusahaulika. Ziliwekwa akiba.

Ranchi ya pamoja

Baada ya Uhuru, serikali ikaamua kwamba malisho ya wote ni ardhi isiyo na mwenyewe. Mwaka 1968 Bunge likapitisha sheria ya ranchi za kikundi. Wazo lilikuwa hivi: familia za eneo moja zinaandikishwa kama wanachama, zinachagua kamati, zinapewa hati moja ya pamoja, kisha zinaweza kukopa pesa za kuchimba visima na kujenga majosho. Kaputiei ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa nchini kujaribiwa mpango huo.

Kwa karatasi ulikuwa mzuri. Kwa ardhi ulikuwa na kasoro. Mvua haijui mipaka ya ranchi. Mwaka wa ukame, kama 1984, hakuna mfugaji anayekaa ndani ya mstari eti kwa sababu ramani imesema. Pia kila mtu alifuga ng'ombe wake mwenyewe kwenye ardhi ya wote, kwa hivyo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupunguza. Mikopo ikadaiwa. Kamati zikaanza kushukiwa kwamba zinapendelea jamaa. Na vijana waliokuwa wakikua wakauliza swali la maana: mimi si mwanachama, baba ndiye mwanachama, je, fungu langu liko wapi?

Ndipo wazo la kugawana likapata nguvu. Serikali ya miaka ya 1980 nayo ikaliunga mkono. Ranchi ya Kikundi ya Kitengela ilikuwa na zaidi ya hekta 18,000 na wanachama zaidi ya 200. Mwaka 1988 ikagawanywa. Piga hesabu ya darasani: kwa wastani ni zaidi kidogo ya ekari 200 kwa kila mwanachama.

Huo mwaka wa 1988 ndio tarehe ya kuzaliwa kwa mji tunaoujua, na hatuuadhimishi popote. Hakuna mnara, hakuna barabara iliyopewa jina. Lakini siku hiyo ardhi ilibadilika kutoka kitu unachotumia na wenzako hadi kitu unachoweza kuuza peke yako.

Tuwe wa kweli kuhusu kilichofuata. Hawakunyang'anywa kwa bunduki. Wengi waliuza. Lakini neno "waliuza" halielezi kila kitu. Mwanachama aliyeandikwa mara nyingi alikuwa mwanamume, kichwa cha boma. Yeye ndiye aliyekuwa na hati, yeye ndiye aliyeweka sahihi. Mke na watoto waliweza kusikia habari ya mauzo siku wapimaji walipofika na vigingi. Sheria ya kumtaka mke akubali kwanza kabla ya ardhi ya familia kuuzwa ilikuja kuandikwa waziwazi mwaka 2012, zaidi ya miaka 20 baada ya kugawana. Karo ya shule, bili ya hospitali, ukame uliomaliza mifugo, dalali mwenye gari na ahadi: hayo yote yalikuwa mezani kabla kalamu haijashikwa.

Hesabu ya ekari moja

Sasa njoo kwa ploti. Kila mtu Kitengela anaijua 50 kwa 100. Wazazi wangu walinunua moja, na pengine wako pia. Lakini umewahi kukaa chini ukahesabu?

Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Toa ploti nane kwenye ekari moja, umetumia 40,000. Zimebaki 3,560, kama asilimia nane hivi ya ekari. Hiyo asilimia nane ndiyo barabara yako. Ndiyo pia mtaro wa maji ya mvua, njia ya bomba la maji taka, mahali pa nguzo za stima, uwanja wa watoto, soko, zahanati, na makaburi. Nane tu.

Na muuzaji hakuwa na deni la kisheria kichwani mwake la kumpa mtu uwanja. Alikuwa na shamba lake, akaajiri mpimaji, akakata, akauza. Jirani yake naye akakata la kwake na barabara zake, na barabara za huyu hazikuwa na haja ya kukutana na za yule. Ndiyo maana leo unafuata njia nzuri kabisa, halafu inagonga ukuta, na nduthi inabidi irudi hadi lami ndipo izunguke. Si fitina ya mtu. Ule ukuta ni mpaka wa mashamba mawili ya mwaka 1988, umesimama hapo hapo, umebadilika tu kutoka kigingi kuwa mawe.

Rudi kwa yule mwanachama mwenye ekari 200. Akizikata zote kwa ploti nane nane, ni ploti 1,600. Kutoka boma moja. Sasa weka magorofa juu ya ploti hizo, kila moja na keja zake ishirini. Unaona jinsi mji unavyoweza kufura bila mtu yeyote kuupanga?

Na umefura kweli. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 58,000 Kitengela. Ya 2019 ikahesabu 154,436. Karibu mara tatu kwa miaka kumi. Kajiado mjini, ambako makao makuu ya kaunti yapo, hapafikii hata robo ya idadi hiyo.

Halafu kuna udongo. Aliyejenga hapa anajua kwamba huu udongo mweusi unapanuka ukilowa na unapasuka ukikauka. Usipoutoa wote hadi ufike chini kwenye mwamba au kokoto, nyumba itakupasulia kuta. Kwa hiyo msingi unakula pesa kabla hujaona tofali moja juu ya ardhi. Kwa mfugaji udongo huo huo ulikuwa zawadi: ulishika maji, ukatoa nyasi tamu. Ardhi ni ile ile, kazi tuliyoipa ndiyo inayogombana nayo.

Kengele ya EPZ

Lakini ploti bila wapangaji haina maana. Nani alikuja kukaa?

Jibu liko dakika chache kuelekea Nairobi. Athi River ilikuwa mji wa viwanda tangu zamani. Tume ya Nyama, KMC, ilianzishwa 1950, na kiwanda cha saruji cha Portland kikafuata miaka hiyo hiyo. Mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, na Athi River ikapata eneo lake. Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, nguo zilizoshonwa Kenya zikaingia soko lake bila ushuru, na viwanda vya nguo vikaongezeka haraka.

Viwanda vilitaka mikono, na mikono hiyo ilikuwa zaidi ya akina mama na wasichana kutoka Ukambani, Kisii, Nyanza, Magharibi, Mlima Kenya. Mshahara ulikuwa mdogo. Mapema 2003 wafanyakazi wa EPZ Athi River waligoma kwa maelfu, migomo iliyotikisa nchi wakati serikali mpya ya Kibaki ilikuwa haijamaliza hata wiki chache ofisini. Mtu wa mshahara huo hawezi kupanga South B. Anatafuta chumba kimoja cha mabati au cha mawe mahali anapoweza kufika kazini alfajiri, hata kwa miguu ikibidi. Vyumba hivyo vilijengwa Athi River yenyewe, Mlolongo, na huku kwetu.

Kwa hiyo Kitengela ina mizizi miwili. Mmoja ni boma lililogawanywa. Mwingine ni kadi ya kazi ya mshonaji nguo. Baadaye walikuja walimu, polisi, watu wa benki, waliokimbia kodi za Nairobi wakitaka kwao. Barabara ya Athi River hadi Namanga ilipojengwa upya, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010, mji ukasogea Kisaju na Isinya. Lakini waliotangulia kulipa kodi hapa walikuwa akina mama wa cherehani, na majina yao hayako kwenye lango la mtaa wowote.

Wakati huo kulikuwa hata na jaribio la kujenga kwa mpango. Shirika la Jamii Bora, lililoanza 1999 na akina mama ombaomba wa Nairobi, lilinunua ardhi Kaputiei ili wanachama wake waliotoka Kibera, Mathare na mitaa mingine ya mabanda wapate nyumba zao. Mpango ulikuwa nyumba 2,000, zenye maji, shule na mahali pa biashara. Wapinzani wakauburuta kortini miaka kadhaa, kwa hoja za mazingira na wanyamapori. Nyumba za kwanza zilipokuja kuhamiwa, muongo wa 2000 ulikuwa unaisha. Mji mmoja uliopangwa ulikaguliwa na majaji. Maelfu ya ploti zisizo na mpango zilipita kimyakimya kila Jumamosi, kwa basi la wateja na soda ya bure.

Simba aliyekuja kutafuta njia yake

Wanyama hawakupata barua ya kuambiwa ranchi imegawanywa. Waliendelea kuvuka mto. Ila sasa walikutana na nyaya, mawe na mbwa.

Miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wamebaki elfu chache. Hakuna aliyewapiga risasi wote. Walizuiwa njia tu, na mnyama wa kuhama akizuiwa njia huisha taratibu.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa busara. Mwenye shamba alilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba asijenge ua, asilime, asiuze, aache wanyama wapite. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa, ili pesa ziende kwa karo. Familia nyingi zilijiunga na watoto wengi wakasoma. Lakini hesabu ni hesabu. Ekari 100 zinakupa shilingi 30,000 kwa mwaka. Dalali wa ploti anakuja na pesa ambazo hiyo lisi haiwezi kuzifikia hata ungengoja maisha yako yote. Waliokataa kuuza, na wapo hadi leo, wametupa sote zawadi bila sisi kuwashukuru.

Juni 2012 simba sita, wakubwa na wadogo, waliuawa kwa mikuki hapa Kitengela baada ya kuvamia zizi la mbuzi. Picha zilizunguka dunia. Dunia ikalia kwa ajili ya simba. Ni wachache waliouliza habari za mwenye mbuzi.

Kuna kijana wa huku aliyekuwa ameliona tatizo hilo kutoka ndani. Richard Turere, mtoto aliyechunga ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga, aligundua kwamba simba huogopa taa inayosogea. Akaunganisha betri ya gari, paneli ya jua na balbu za tochi, zikawa zinawaka kwa zamu kuzunguka boma kama mtu anayetembea na tochi. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013, akiwa bado na umri mdogo, alieleza uvumbuzi wake jukwaani TED huko Marekani. Siku nyingine ukisikia mtu anasema Kitengela haina historia, mwambie kuhusu mtoto aliyezuia simba bila kuua hata mmoja.

Maji ya mlimani, mtungi wa mkokoteni

Kuna bomba linaitwa Nolturesh. Linatoa maji chemchemi za Kilimanjaro upande wa Loitokitok, linayaleta mbali kupitia Kajiado na Isinya, likielekea Athi River na Machakos. Yaani maji ya theluji na mvua za mlima yanapita karibu na mlango wako. Lakini asubuhi unanunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mtu mwenye punda.

Bomba lile halikupangwa kwa ajili ya mji wa watu 150,000, kwa sababu mji huo haukuwepo kwa karatasi yoyote. Kwa hivyo kila mwenye nguvu alichimba kisima chake. Maji ya visima vingi huku yana chumvi na floridi. Watoto waliokulia maji hayo utawajua kwa meno yenye madoa ya kahawia, na wengine hucheka wakiziba mdomo kwa mkono. Hili nalo ni historia ya ardhi. Halihusu usafi wa mtoto.

Na maji machafu yanaenda wapi? Kwenye shimo, kisha kwenye lori la kunyonya, au usiku kwenye barabara ya jirani. Rudi tena kwa ile asilimia nane.

Basi mji ni wa nani?

Kuna kijana wa Kimaasai Kitengela ambaye babu yake aliandikwa kwenye daftari la ranchi, na leo analinda lango la gorofa lililo juu ya shamba lile. Kuna kijana wa Kikamba au Kikisii ambaye mama yake alishona nguo EPZ miaka 15, akazaliwa hapa, na kila uchaguzi anaambiwa arudi kwao. Kwao ni wapi tena? Wote wawili wanalipa kodi kwa mtu anayeishi Nairobi, wananunua maji kwa punda mmoja, wanakanyaga tope moja.

Wanasiasa wanapenda hawa wawili wasizungumze. Lakini wamekuwa wakizungumza. Juni 2024 vijana wa mji huu walikuwa barabarani pamoja. Agosti mwaka huo, watu watatu waliohusishwa na maandamano walitekwa hapa Kitengela, na jina la mji likatajwa nchi nzima kwa mwezi mmoja hadi walipoachiliwa Septemba. Wakati ule sikusikia mtu akiuliza nani ni mgeni.

Maoni yangu ni haya. Deni la kihistoria la Kitengela si la mnunuzi wa ploti kwa muuzaji, wala la kabila kwa kabila. Ni deni la ofisi zilizopitisha kila mgawanyo, zikapiga muhuri, zikachukua ada, bila kutenga hata kipande cha wote. Enzi ya Baraza la Kaunti ya Olkejuado, na sasa ya serikali ya kaunti tangu 2013. Mwaka 2010 ulikuwa tayari umefika na kulikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto, wa kuanzia 2006 hadi 2026, ukieleza wapi pajengwe na wapi pabaki malisho. Tuko mwishoni mwa mpango huo. Uliza wangapi mtaani kwako waliwahi kuuona.

Kwa hiyo nina mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji wewe kuwa tajiri.

Kwanza, tudai daftari la ardhi ya umma ya Kitengela libandikwe hadharani: shule, soko, uwanja, makaburi, njia za maji, kila kipande na namba yake. Kisichojulikana ndicho kinachoibwa kwa urahisi. Kilichobaki ni kidogo, ndiyo maana kila futi ina maana.

Pili, barabara za ndani zipewe majina, na majina hayo yasiwe ya maduka peke yake. Kuna mitaa huku inaitwa kwa supamaketi iliyohama au kanisa lililo kona. Noonkopir irudi kwenye kibao. Empakasi iwe na barabara. Wanachama wa ranchi ya 1988 waandikwe mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuwasoma, na akina mama wa EPZ waandikwe kando yao.

Tatu, zungumza na wazee sasa. Mtu aliyekuwa na miaka 40 wakati wa kugawana ana zaidi ya 75 leo. Anajua ng'ombe walinyweshwa wapi, nani alikataa kuuza, na mto ulikuwa unapita wapi kabla hujajenga juu yake. Hilo la mwisho lisikuonekane la wazee tu. Maji hayasahau njia, na mvua kubwa ikija itaifuata ile ile, hata kama sebule yako iko katikati.

Wiki hii muulize mwenye nyumba wako ploti yenu ilikatwa kutoka shamba la nani. Kama hajui, soma hatimiliki pamoja naye. Mtaanza na namba, mtafika kwenye Kaputiei, na mkiendelea kuuliza mtafika Noonkopir.